Kumlea mdakaji wa softiboli tangu siku ya kwanza

Uliza mazoezini ni nani anataka kurusha, mikono itainuka mpaka ya wale wasiojua kurusha. Uliza ni nani atakaa nyuma ya mpigaji adake, watoto wataanza kukagua viatu vyao. Ndipo kazi inapomwangukia aliyechelewa kufika, au yule mnene anayedhaniwa hawezi kukimbia. Kosa hilo nimelifanya misimu miwili mfululizo, na mara zote mbili tuliishia kuokota mipira iliyopita nyuma huku wakimbiaji wa wapinzani wakirudi besi ya nyumbani, kituo cha mwisho wanapopatia pointi, kwa mwendo wa matembezi.

Mdakaji, au kacha kama wachezaji wenyewe wanavyomwita, ndiye pekee kati ya wale tisa anayewatazama wenzake wote usoni. Kila mpira unaorushwa unamhusu. Kwa hiyo tafuta mtoto anayependa kuwa katikati ya shughuli, mwenye mdomo, na ambaye akikosea haendi kununa pembeni. Umbo si hoja. Hata mashoto mwache adake: kutupa besi ya tatu kutamsumbua kidogo na glavu yake itatafutwa sana, lakini katika umri huu hizo si sababu za kumnyima nafasi.

Haya ninayoyaeleza yanawafaa watoto wa miaka 8 hadi 12 hivi, katika softiboli ya mirusho ya kasi. Mfuatano ni wangu, na najua makocha wengi huanza na glavu. Mimi naanza na hofu, kwa sababu mtoto anayefumba macho gongo likipita hafundishiki jambo jingine lolote.

Hatua ya 1: Vifaa vimkae sawasawa

Anahitaji kofia ngumu yenye kinga ya uso, kinga ya koo, kinga ya kifua, kinga za miguu na glavu ya mdakaji. Mvulana aongeze kikombe cha kukinga sehemu za siri. Kuvitaja ni rahisi. Tabu iko kwenye kipimo, maana timu nyingi zina seti moja ambayo kila mtoto anaivaa kwa zamu.

Mvalishe kofia, kisha mwambie atikise kichwa kama anayekataa chakula. Kichwa kikigeuka na kofia ikabaki, haifai. Kinga ya kifua ianzie kwenye kishimo cha koo. Akichuchumaa isipande hadi kumgusa kidevu, kwa sababu ikipanda atainua uso ili aone, na uso ukiinuka koo linabaki wazi. Kinga za miguu zikaguliwe akiwa amechuchumaa, si akiwa amesimama: kile kibakuli cha goti kikae juu ya goti lenyewe. Vifungo vyake vyote vikae upande wa nje wa mguu. Vikiwa ndani vitashikana anapokimbia, na utamwona ameanguka kifudifudi akiufuata mpira mfupi.

Glavu ya mdakaji ina ngozi nene na haina vidole vilivyoachana. Ya softiboli ina kikapu kikubwa kuliko ya besiboli, maana mpira wenyewe ni mkubwa: watoto walio chini ya miaka 10 kwa kawaida hutumia wenye mzunguko wa inchi 11, yaani sentimita 28, na wakubwa wao inchi 12, kama sentimita 30. Glavu mpya huwa ngumu kama ubao. Mtoto asiyeweza kuifunga kwa mkono mmoja hataweza kudaka nayo, kwa hiyo wiki za kwanza mwache atumie glavu ya kawaida na mipira laini, huku ile mpya ikilainishwa kwa kuchezewa kila siku.

Mfundishe pia kuvaa mwenyewe, kwa kuanza na miguu, kisha kifua, mwisho kofia. Fanyeni kama mashindano. Siku ya mechi, akiwa yuko kwenye besi zamu yenu ya kupiga inapokwisha, atakuwa na muda mfupi mno wa kujiandaa na mwamuzi atakuwa anamsubiri yeye.

Hatua ya 2: Macho yabaki wazi

Zoezi hili halihitaji ujuzi wowote, na ndilo nalitegemea kuliko yote. Mtoto avae kila kitu, achuchumae mahali pake. Simama kwenye nafasi ya mpigaji ukiwa na gongo, bila mpira. Zungusha gongo polepole mbele yake, mara kumi. Mwambie kazi yake ni kutazama kitu kimoja tu: mwenzake aliyesimama pale pa mrushaji akiinua vidole, naye ataje ni vingapi. Ukiona anakosea hesabu gongo linapopita, amefumba macho. Usimkaripie. Punguza kasi, rudia.

Akiweza kutaja vidole huku gongo linavuma, ingiza mpira wa tenisi. Mwenzake aurushe kutoka chini, taratibu. Wewe zungusha gongo juu ya mpira bila kuugusa, naye adake. Kisha mpira laini wa mazoezi, na mwisho mpira wenyewe. Watoto wengine humaliza ngazi zote kwa siku moja, wengine wiki tatu.

Nilimfundisha binti mmoja wa miaka 9 aliyekuwa na mikono mizuri kupita wote kikosini. Tukirushiana bila mpigaji, hakosi. Akisimama mpigaji, mpira unampita kana kwamba hayupo. Nilihangaika na glavu yake, na namna ya kuchuchumaa, na viatu. Siku moja nikachuchumaa ubavuni mwake nimtazame kwa karibu, nikaona kope zinabana nusu sekunde kabla gongo halijafika, na bega la kulia linapanda kidogo kuelekea sikioni. Tuliacha kila kitu, tukahesabu vidole kwa siku nne. Siku ya tano akaanza kudaka, akashangaa mwenyewe.

Hatua ya 3: Mahali pa kukaa na namna ya kukaa

Wanaoanza hukaa mbali mno. Ni hofu ileile imebadilisha nguo. Wakikaa mbali, mpira unaokuwa straiki (mrusho mzuri unaohesabiwa dhidi ya mpigaji, tatu zikimtoa nje) juu ya besi unawafikia ukiwa umeshashuka hadi kwenye viatu, na unadunda mbele yao bila sababu. Kipimo changu: mtoto achuchumae, anyooshe mkono wenye glavu, vidole vikaribie goti la nyuma la mpigaji bila kuligusa. Hapo yuko salama. Akisogea zaidi, glavu inaweza kugongwa na gongo, na kwa kanuni mpigaji atapewa besi ya kwanza. Mpigaji akisimama nyuma kabisa ya boksi lake, mdakaji naye arudi. Akisogea mbele, amfuate. Apime upya kwa kila mpigaji.

Kuna mikao miwili ya kumfundisha mwanzoni. Besi zikiwa tupu, akae kwa kupumzika: nyayo zipite upana wa mabega kidogo, makalio chini, au goti moja liwe ardhini akipenda. Mkono mtupu aufiche nyuma ya kifundo cha mguu. Kukiwa na mkimbiaji, au mpigaji akiwa na straiki mbili, ainue makalio mpaka mapaja yakaribie kulala sambamba na ardhi, uzito uwe sehemu ya mbele ya nyayo, mguu wa kulia urudi nyuma kidogo. Mkono mtupu uje nyuma ya glavu, umefumba ngumi, kidole gumba kikiwa ndani ya ngumi. Sisitiza hilo la gumba kila siku, kila siku. Mpira uliopanguswa na gongo hauna huruma na vidole vilivyo wazi.

Ule mkao wa kutoa ishara kwa vidole kati ya mapaja, uache kwanza. Mrushaji wa miaka 9 ana mrusho wa aina moja, na huo wenyewe hana hakika utakwenda wapi.

Hatua ya 4: Kupokea

Mpe kanuni tatu tu. Glavu ikae mbele ya mwili, kiwiko kikiwa huru nje ya magoti, kisiegemee juu ya goti. Mpira upokewe kwa mkono laini, si kuupiga makofi. Na baada ya kuudaka, glavu isimame pale pale kwa kitambo kidogo ili mwamuzi auone.

Zoezi lake: kaa umbali wa mita 4, mtoto hana glavu, umrushie mpira wa tenisi kwa mkono wake wa glavu. Asiyekuwa na mkono laini atasikika, kwani mpira utalia kwenye kiganja na kuruka. Aliyelegeza kiwiko, mpira unatua kimya. Mipira ishirini hivyo kila siku inamfaa kuliko saa nzima ya kudaka mirusho halisi, kwa sababu mirusho halisi ya watoto nusu yake haidakiki.

Mpira wa chini ni wa kuangalia zaidi. Mtoto hupenda kuufuata kutoka juu, akiukandamiza kuelekea ardhini, na mwamuzi akiona glavu inashuka anaita boli, yaani mrusho mbaya usio straiki. Mfundishe glavu itangulie chini ya mpira, kisha ipande kuupokea. Mwambie “utangulie chini”, yatosha. Na usimruhusu kuuvuta mpira wa nje kabisa kuurudisha katikati. Mwamuzi hadanganyiki, ila anakasirika.

Hatua ya 5: Kuzuia kwa mwili

Katika umri huu, hapa ndipo mechi zinapoamuliwa. Mpira uliodunda ukimpita mdakaji, kila mkimbiaji anasogea besi moja. Pale ambapo kanuni ya straiki ya tatu iliyoanguka, yaani ambayo mdakaji hakuidaka, inatumika, hata mpigaji aliyeshindwa anaweza kukimbilia besi ya kwanza, mradi besi hiyo iwe tupu au timu yake iwe tayari ina wachezaji wawili waliotolewa nje. Ligi nyingi za wadogo haziitumii, basi uliza kabla ya msimu.

Jambo la kwanza mtoto anapaswa kulielewa ni kwamba mpira uliodunda hadaki. Anaufungia njia. Yeye ni mlango. Akijaribu kuudaka, glavu itainuka na mpira utapita chini yake. Lengo ni mpira umgonge kifuani ufe mbele yake, mahali anapoweza kuufikia kwa hatua moja.

Anza bila mpira, juu ya nyasi au mchanga laini. Ukisema “chini!”, glavu ndiyo inatangulia, inaziba uwazi kati ya mapaja, mkono mtupu ukiwa nyuma yake. Magoti yanafuata, kila moja upande wake. Wengi hutanguliza magoti kisha ndiyo glavu ifike. Kwa kitambo hicho mpira umeshapita. Halafu mabega yaviringike mbele kama mtu anayejikunyata kwa baridi, kidevu kishuke kifuani, pumzi itoke. Kutoa pumzi si urembo, kifua kilichojaa hewa ni kigumu na mpira unaruka mbali, lakini kilicholegea kinaumeza.

Kidevu ndicho cha kukagua. Mtoto anayeogopa hugeuza uso pembeni, akidhani anajikinga, kumbe anaondoa kinga ya uso mbele ya mpira na kuweka sikio na shingo badala yake. Ukiona uso unageuka, rudi nyuma ngazi moja. Hata ngazi mbili.

Ngazi zenyewe ziko hivi: bila mpira, kisha mpira laini unaoviringishwa taratibu, kisha mpira laini unaodundishwa kutoka mita 5, kisha mpira halisi unaodundishwa kwa upole, na mwisho kabisa mrushaji mwenyewe. Kwenye ngazi ya pili mwambie aweke mikono nyuma ya mgongo, auzuie kwa kifua tu. Watoto hucheka sana hapa, na mtoto anayecheka huku mpira unamgonga kifuani hofu imemtoka bila hotuba.

Kwa mpira wa pembeni, asukume kwa mguu ulio mbali na mpira na ashushe kwanza goti lililo karibu nao. Mabega yageuke kidogo kuitazama besi ya nyumbani. Akibaki ametazama mbele, mpira utamgonga na kukimbilia pembeni. Akijipinda kidogo, utarudi katikati. Chora mstari wa duara mchangani, kama mita moja na nusu kutoka anapokaa, umpe pointi kila mpira unaobaki ndani ya mstari.

Kuzuia hakuishi mpira unapogonga. Ainuke haraka, auendee, aushike kwa mkono huku glavu ikiwa ukuta upande wa pili. Wengi huzuia vizuri kisha wakabaki wamepiga magoti wakijipongeza.

Mimi sizidishi mizuio 15 kwa siku ya mazoezi. Magoti ya watoto yana kazi ya kukua.

Hatua ya 6: Kutupa besi ya pili

Besi zikiwa zimepangwa mita 18.3, kutoka nyumbani hadi besi ya pili ni karibu mita 26. Kwa mtoto wa miaka 9 hiyo ni safari. Mkimbiaji naye anaruhusiwa kuondoka mpira unapotoka mkononi mwa mrushaji, isipokuwa ligi yenu imezuia kuiba besi (kukimbilia besi inayofuata kabla mpira haujapigwa), kama zinavyofanya nyingi za wadogo. Kwa hiyo usimpime kwa wangapi amewatoa nje. Mpime kama mpira umefika kwa mwenzake.

Wanachokosa wengi ni miguu, si nguvu ya mkono. Anadaka, anasimama wima, anatafuta mpira ndani ya glavu, anavuta mkono nyuma, ndipo anatupa. Gawa kazi vipande vitatu. Kwanza glavu iende sikioni upande wa kutupia, mkono uukute mpira njiani, vidole vikate mishono yake. Pili, wakati huohuo, mguu wa kulia uruke kuingia chini ya mwili, mahali palipokuwa katikati, na bega la kushoto lielekee besi. Tatu, mguu wa kushoto uende mbele na mpira utoke. Kwa mashoto geuza yote. Fanyeni bila mpira, ukihesabu “moja, mbili, tatu”, kisha uharakishe hesabu.

Mfundishe kutupa chini. Mpira unaodunda mara moja na kufika mlangoni mwa besi unamsaidia mwenzake kumgusa mkimbiaji. Ule unaopaa juu kama ndege unaishia kwa wale walio mbali uwanjani, na mkimbiaji anaongeza besi ya tatu juu ya ile aliyoiba. Na siku ambayo mkimbiaji ameshafika, asitupe kabisa. Kushikilia mpira ni uamuzi, nao usifie.

Hatua ya 7: Mambo manne ya kupitia upesi

Mpira wa juu nyuma ya besi: avue kofia lakini abaki ameishika mpaka auone mpira, ndipo aitupe mbali, upande asioendea. Ageuze mgongo kwa uwanja. Mpira wa namna hiyo una mzunguko unaourudisha upande wa uwanja, hivyo akisimama akitazama nyuma utamjia badala ya kumkimbia. Watoto hawaamini mpaka uwarushie kumi.

Mpira mfupi wa kuguswa tu na gongo: aukimbilie akiuzunguka kidogo, aukusanye kwa mikono miwili, glavu na mkono vikikutana kama vya mtu anayezoa mchanga, kisha ageuke na kutupa.

Mkimbiaji anayekuja besi ya nyumbani: asizibe njia ya mkimbiaji kabla hajaupata mpira. Ni kosa kikanuni na ni hatari. Asimame mbele ya besi, amwachie njia, adake kwanza, kisha aufunike mpira kwa mikono miwili ndani ya glavu na kumgusa. Mkono mmoja hautoshi, mguso mzito humpokonya mpira.

Mpira uliompita: auendee kwa kuteleza kwa magoti ubavuni mwake, amtupie mrushaji ambaye lazima awe ameshakimbia kuja kulinda nyumbani. Fundisha wawili hao pamoja, kwa sababu mdakaji peke yake hana wa kumtupia.

Hatua ya 8: Sauti

Mpe maneno matatu ya kuanzia, ayaseme kwa sauti kabla ya kila mpigaji: wangapi wako nje, mkimbiaji yuko wapi, tutupe wapi. “Mmoja nje! Mkimbiaji wa kwanza! Tupa ya pili!” Mwanzo atanong'ona. Msimamishe kwenye besi ya nyumbani, wewe uende hadi mwisho wa uwanja, usirudi mpaka umesikia.

Baada ya mrusho mbaya, amrudishie mrushaji mpira polepole na kwa usahihi, kifuani. Nimeona warushaji wadogo wakivunjika moyo kwa sababu mdakaji anawarudishia mipira ya kuokota. Na akifika mahali pake mwanzoni mwa mechi, amsalimie mwamuzi kwa heshima. Watakaa pamoja zaidi ya saa nzima.

Siku ya mazoezi ya dakika 40

Dakika 5 za kukimbia na kunyoosha nyonga na vifundo vya miguu. Dakika 5 za macho na gongo. Kumi za kudaka bila glavu na kwa glavu. Kumi za kuzuia, zikiwemo za bila mpira. Tano za miguu ya kutupa, kisha mitupo 10 halisi na si zaidi. Muda unaobaki, mpe zoezi moja kati ya yale manne ya hatua ya saba, libadilike kila siku.

Mtoto akilalamika maumivu chini kidogo ya goti, pale penye mfupa uliojitokeza, usimwambie avumilie. Kwa watoto wanaorefuka haraka hayo ni ya kawaida, na kuchuchumaa huyazidisha. Mpumzishe, na yakiendelea aonwe na mtaalamu wa afya. Kwa sababu hiyohiyo andaa wadakaji wawili au watatu kila timu. Mechi ya kwanza mpe zamu mbili tu akae nyuma ya mpigaji, kisha mwingine aingie. Siku za jua kali vifaa hivyo ni tanuri, kwa hiyo anywe maji kila zamu inapokwisha, hata akisema hana kiu. Na mteue mapema mwenzake mmoja wa benchi ambaye kazi yake ni kumfunga vifungo vya mguu wa kulia wakati yeye anafunga vya kushoto.